Vipande Vitatu vya Machano

Ukitaka kumjua Kidawa binti Mwalim, acha uso, tazama vidole. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa na rangi ya zambarau isiyotoka kwa sabuni wala kwa ndimu, imeingia mpaka mashinani mwa kucha. Wanawake wa mtaani kwao Kikwajuni walidhani ni hina iliyomharibikia, wakawa wanamtania kila harusi: bibi, aliyekupaka huyo mshitaki! Kidawa anacheka nao, anakula biriani lake, haelezi kitu. Angeanzia wapi kueleza, na watu wana sinia mbele yao? Kazi yake ilikuwa kutazama choo cha watu. Choo, mkojo, makohozi na damu, kutwa, jicho moja limegandana na hadubini na jingine amelifumba.

Aliingia maabara ya hospitali mwaka 1961, kuosha chupa. Mkubwa wa maabara wakati huo alikuwa Mgoa mmoja, Remedios, mtu mfupi, mkali, asiyependa kusemeshwa kabla ya saa nne. Miaka mitatu alimfokea Kidawa kwa kila chupa iliyobaki na ukungu, na katika miaka hiyo hiyo, bila ya kuombwa na mtu, akamfundisha. Akiita, "Kidawa!" anaitikiwa "Naam, bwana." "Njoo tazama hapa, uniambie unaona nini." Akikosea anatukanwa. Akipata haambiwi hata ahsante, anarudishwa kwenye chupa zake.

Mwaka 1964, Mapinduzi yalipopita, Remedios alipanda meli na watu wake akenda zake Bombay. Nyuma yake aliacha mashine ya kukatia nyama ikawa nyembamba kupita ganda la kitunguu, ambayo wakubwa wote waliobaki hawakujua kuiendesha. Aliacha na sanduku la mti lenye slaidi mia mbili, kila moja ina karatasi yake ya wino mwembamba inayosema ndani ya kioo mna nini. Muosha chupa alijua kuiendesha ile mashine, lakini nani angemwuliza muosha chupa? Wenzake wakitoka kwenda kula urojo saa sita, yeye anafunga mlango, anafungua sanduku, anatoa slaidi moja, anatazama, anarudisha. Miaka sita mizima! Wapo waliosoma ng'ambo kwa fedha za serikali wasiofanya kazi hiyo. Ilipofika mwaka 1970 alikuwa ameshapandishwa akawa msaidizi, na slaidi zote mia mbili alizijua kama anavyowajua majirani zake.

Mwaka huo, mwezi wa Februari, ndipo alipoletwa Machano Silima.

Machano alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mfanyakazi wa shamba la serikali Kizimbani, hodari wa kupanda mikarafuu, anafika kwenye vitawi vya juu ambavyo wenzake wanavitazama tu wakiwa chini. Miezi minne alikuwa anaharisha damu. Alipofika wadini mbavu zilikuwa zinahesabika, na suruali ameifunga kwa kamba. Daktari wa upasuaji, Mjerumani aliyekuja kwa mkataba wa serikali, alimpima akakuta uvimbe ndani ya utumbo mkubwa, karibu na mwisho wake, mgumu, unatoa damu ukiguswa. Hakupoteza maneno. Ni saratani, akasema, na njia inakaribia kuziba. Utumbo utakatwa, sehemu ya chini itafungwa, na ubavuni litafunguliwa tundu, na haja kubwa itatokea hapo, iingie mfukoni, maisha yake yote.

Kidawa alikuwa kitanda cha pili anamtoboa mtu kidole kwa ajili ya malaria. Alimsikia Machano akiuliza kwa sauti ndogo, "Sasa nitasalije, daktari?" Daktari akaendelea kuandika. Machano akauliza tena, "Na mkarafuu nitaupandaje?" Daktari alipoondoka, kijana akajifunika shuka mpaka kichwani mchana kweupe.

Kidawa alirudi maabara kwa haraka, maana jina la Machano alikuwa analijua. Mara tatu choo chake kimepita chini ya hadubini yake, na mara tatu ameandika kwa mkono wake mwenyewe: amiba hakuna. Akavuta daftari akatazama. Kimepokewa saa nne na nusu. Kimepokewa saa tano kasoro robo. Kimepokewa saa nne. Akarudi wadini mbio, akamfunua shuka yule kijana.

"Samahani, kaka. Choo ulikitoa saa ngapi?"

"Alfajiri," akasema Machano. "Kabla ya sala. Kikakaa dirishani mpaka walipokuja kukichukua."

Dirishani! Kidawa nusura ajipige kofi. Amiba ni mdudu wa joto la tumboni. Ukimtazama kabla hajapoa utamwona anatembea, anajisukuma, anatoa mguu hapa anauvuta kule. Ukimwacha kwa muda wa saa nne dirishani anakufa, anajikunja, na mtu yeyote atamdhania ni uchafu. Mara tatu yeye, Kidawa, ambaye Remedios alimtukana mpaka akajua, alitazama maiti akaandika hakuna mtu. Na uvimbe? Katika lile sanduku mlikuwa na slaidi ya nyama ya utumbo ambao amiba walichimba ukutani mpaka ukuta ukavimba ukawa bonge, na Remedios mwenyewe aliandika pembeni: walidhani saratani.

Hakungoja kupata ujasiri, maana angengoja mpaka leo. Alimkamata daktari ukumbini, akasimama mbele yake, akasema yote kwa pumzi moja. Kisha akasema, "Kata kipande kidogo cha huo uvimbe, daktari, unipe mimi. Kama ni amiba, wako ndani ya nyama."

Mjerumani alikisema Kiswahili cha kitabuni, kila neno limenyooka. "Mwaka huu mimi nimepeleka nyama katika maabara mara tatu. Mara tatu sikupata jibu. Maabara yenu inapoteza vitu, bibi."

"Haijafika nyama hata moja."

"Mimi nimekata kwa mkono wangu. Nimetia katika chupa." Akamtazama Kidawa, akatazama na vile vidole vya zambarau. "Vizuri. Kesho Alhamisi nitachukua vipande vitatu. Jumatatu saa mbili asubuhi ninapasua. Ukiniletea kitu kabla ya saa mbili, nitatazama. Baada ya hapo, hapana."

Alhamisi Kidawa alikaa anaitazama saa. Ikapita adhuhuri, chupa haijaletwa. Maabara ikafungwa, haijaletwa. Akajipa moyo kwamba daktari amechelewa kukata, chupa itakuja asubuhi. Ijumaa saa mbili haipo. Saa tatu haipo. Bwana Zahor, mkubwa wa maabara wa sasa, mtu mpole aliyeogopa kila karatasi yenye nafasi ya saini, akasema, "Labda daktari kabadili nia, Kidawa. Tuyaache." Kidawa hakumwachia amalize. Alikuwa ameshatoka.

Wadini alimkuta Hamad, dresa wa kufunga vidonda, mtu wa makamo, mcha Mungu, mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso, anakunja bendeji.

"Hamad, chupa ya Machano iko wapi?"

"Chupa ipi?"

"Ndogo, ina maji makali, na vipande vitatu vya nyama."

"Aa, ile!" Uso wa Hamad ukakunjuka. "Ile nshampa mamake jana, saa ya kutazama wagonjwa. Akazike."

Kidawa akashika ukingo wa kitanda. "Akazike?"

"Sasa ulitaka niifanye nini nyama ya Mwislamu, niitupe jaani? Daktari kaiacha mezani, kenda zake. Tangu nnaanza kazi, anachokatwa mtu hurudi kwa watu wake. Kondo la nyuma, nyama ya tohara, kidole cha mtu kikikatika. Wakazike kwa heshima."

"Na zile tatu za mwanzo, alizozikata daktari mwaka huu? Yule mzee wa Malindi? Yule bwana wa Mkokotoni?"

"Zote nshawapa wenyewe," akasema Hamad, na kwa haki kabisa alikuwa anajivunia. "Na wote wameniombea dua."

Hapo Kidawa hakujua acheke au apige kelele. Daktari anailaani maabara, maabara inamshangaa daktari, na nyama ziko chini ya udongo Unguja nzima, zimesomewa na Fatiha! Akamweleza Hamad kwa maneno machache: ile nyama ndiyo shahidi wa Machano, bila ya hiyo Jumatatu anapasuliwa. Rangi ikamtoka Hamad usoni. Alikuwa mtu mwema, na hakuna kinachomuumiza mtu mwema kama kuambiwa kuwa wema wake umemponza mwenzake.

"Mamake kafikia Amani, kwa nduguye," akasema. "Nnayo baiskeli."

"Basi twende!"

"Sote wawili?"

"Hamad, wallahi ukinambia habari ya aibu nitaichukua baiskeli nende peke yangu, na kuiendesha sijui."

Watu wa Darajani waliokuwapo sokoni asubuhi ile bado wanaikumbuka. Dresa Hamad, mwenye tasbihi mfukoni, anakanyaga kama anayefukuzwa, na nyuma yake kwenye keria mwanamke wa buibui, buibui limejaa upepo, anampiga mgongoni anasema ongeza, ongeza! Wauza samaki wakapiga miluzi. Mmoja akauliza wanatoroshana kwenda wapi. Hamad akawa anasema astaghfirullah kila pedeli inaposhuka, na Kidawa, Mungu amsamehe, alikuwa anaona raha. Tangu azaliwe hajawahi kwenda kasi namna ile.

Nyumba ilikuwa nyuma ya uwanja mpya wa mpira. Bi. Khamisa, mama yake Machano, alikuwa uani anachambua mchele. Alipowaona watu wawili wa hospitali wanaingia wanahema, ungo ukamwanguka.

"Kafa?"

"Hajafa, Bi. Khamisa, mzima! Shikamoo."

"Marahaba," akasema yule mama, amekaa chini kabisa, mkono kifuani. "Marahaba, mwanangu. Mmenitoa roho."

Kidawa akapiga magoti mbele yake kwenye mchele uliomwagika, akamweleza. Bi. Khamisa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye pembe ya ua, pana jiwe jeupe juu ya udongo uliolowa.

"Nimeziosha kwa marashi. Nimezivika bafta. Nshazitia udongoni kwa Bismillahi, leo nizitoe?"

"Mwenye nyama yuko hai, Bi. Khamisa. Jumatatu saa mbili wanataka kumkata nyingine, shibiri nzima ya utumbo."

"Ukizitazama hizi, hawamkati?"

Kidawa alitamani sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. "Sijui," akasema. "Nikikiona nnachokitafuta, pengine hawamkati. Nisipokiona, watamkata. Na nikwambie kweli: hizi nitazikata nyembamba mpaka mwanga upite, na zitabaki kwenye vioo. Sitaweza kukurejeshea."

Bi. Khamisa akalitazama lile jiwe. Hamad akawa anautazama ukuta, midomo inacheza. Kuku akaja akaanza kudonoa mchele, na hakuna aliyemfukuza.

"Mimi ndiye niliyemzaa na utumbo wake mzima," akasema Bi. Khamisa mwishowe. Akainuka, akachukua kifuu cha nazi, akenda pembeni, akaliondoa jiwe, akachimba mwenyewe. Hakutaka msaada. Alichimba kidogo kidogo, na alipoifikia ile sanda ya bafta akaitoa kwa mikono miwili akampa Kidawa.

Kidawa akaifungua. Vilikuwa vipande vitatu, vidogo, kila kimoja sawa na punje ya wali. Akavisogeza puani. Juu palinukia marashi ya waridi, na chini ya marashi, kali, ya kuchoma, ikaja harufu ya fomalini, yale maji makali ya chupani. Fomalini! Ilikuwa imeshaingia ndani kabla hazijaoshwa. Nyama haikuoza. Kidawa akambusu Bi. Khamisa mikono yote miwili, udongo na yote, na wakati wa kurudi Hamad hakuhitaji kuambiwa aongeze.

Sasa sikiliza kazi ilivyokuwa, maana watu hudhani unachukua nyama unaitia chini ya hadubini basi. Nyama laini haikatiki ikawa nyembamba. Lazima kwanza itolewe maji yote, kwa spiriti nyepesi, kisha ya kati, kisha kali, kila moja kwa saa zake. Kisha inatiwa dawa ya zailini kuitoa spiriti. Kisha nta iliyoyeyuka inaingia mahali maji yalipokuwa, na ikipoa unapata mche mdogo wa nta wenye nyama ndani, mgumu, unaokatika. Zailini ilikuwa imebaki chupa moja. Tanuri ya nta ilikuwa imekufa tangu mwaka 1966. Bwana Zahor, ambaye asubuhi alisema tuyaache, aliposikia hadithi ya kaburi la Amani alivua koti, akawasha jiko la mafuta ya taa, akaweka sufuria ya maji na kopo la nta ndani yake, akakaa nayo Jumamosi kutwa na kipimajoto mkononi. Anapunguza, anaongeza, anapunguza. Mkewe alimletea chakula akakila hapo hapo bila ya kuliacha jiko.

Jumapili asubuhi Kidawa akakaa mbele ya mashine ya Remedios. Akafunga mche wa kwanza, akazungusha mpini wa mashine. Kilichotoka kilikuwa unga. Akazungusha tena, unga. Kisu kilikuwa na pengo na kutu, na kipande cha kwanza chote kilikwisha hivyo, kimesagika juu ya meza, wanakitazama. Zahor akashika kichwa. Kidawa akakichomoa kisu, akakifunga kwenye kanga, akatoka.

Kinyozi mmoja wa Darajani alikuwa na jiwe la mafuta na ngozi ndefu ya kunolea wembe, na mikono ambayo mabwana harusi wote wa mjini waliiamini shingoni mwao. Alikipokea kile kisu kirefu, akakigeuza, akauliza, "Hiki cha kumnyolea nani, bibi? Tembo?" Lakini alipoambiwa ni kwa ajili ya mgonjwa, mteja aliyekuwa kitini na povu usoni akaambiwa asubiri. Alikinoa saa nzima. Akakijaribu kwa unywele mmoja wa kichwa chake mwenyewe, ukakatika hewani.

Kipande cha pili kikatoka vizuri. Utepe! Utepe wa nta, mrefu, unajikunja, vipande vimeshikana kimoja nyuma ya chenzake. Kidawa akautandaza juu ya maji ya vuguvugu ukanyooka, akauopoa kwa kioo, akaukausha, akaupaka dawa ya zambarau, akauosha, akaupaka ya waridi, akauosha. Akatazama. Nyama nzima, safi, haina kitu. Daktari alikuwa amekata pembeni, mahali pasipoumwa. Saratani haimo, lakini amiba pia hamna, na kioo kitupu hakimwokoi mtu.

Kilibaki kimoja. Adhuhuri ilikuwa imeshapita. Zahor akasema, "Pumzika kwanza, hujala tangu asubuhi." Kidawa akasema, "Nitakula nikimaliza." Akakifunga cha tatu.

Alikipaka rangi polepole, anahesabu kila dakika kwa sauti. Alipokiweka chini ya hadubini aliona kwanza nyama iliyokufa, rangi ya majivu, imechanika. Kidonda. Remedios alikuwa akimfokea, usitazame katikati ya kidonda, amiba wanakula ukingoni! Akasogeza kioo kwa ncha ya kidole mpaka pale nyama iliyokufa inapokutana na nyama iliyo hai, akageuza lenzi kubwa.

Wapo.

Wapo! Mmoja, wawili, watano, wamejipanga kwenye ukingo, kila mmoja amejichimbia kishimo chake, mviringo, rangi ya zambarau iliyofifia, na ndani ya tumbo la kila mmoja vidonge vya waridi: damu ya Machano. Kidawa alipiga ukelele uliomwangusha Zahor kitini. Zahor akainuka, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena, kisha mtu yule mpole, baba wa watoto saba, akaruka juu akapiga makofi kama yuko kwenye ngoma. "Wako kwenye karamu, Kidawa! Wallahi wako kwenye karamu!" Wakapokezana hadubini mpaka karibu ya magharibi, kila mmoja anamwita mwenzake aje aone amiba mnene zaidi. Kisha Zahor akachukua fomu, akaandika majibu, na mahali pa saini akatia jina lake bila ya kuulizwa, akamsogezea Kidawa kalamu. "Na lako chini yake," akasema.

Daktari Jumapili hiyo alikuwa ameondoka mjini, amekwenda kuogelea Chwaka. Kwa hivyo Jumatatu saa moja na nusu Kidawa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji, hadubini ameikumbatia kifuani kama mtoto, slaidi ameishika kwa vidole viwili. Machano alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, tumbo limenyolewa, anatazama dari. Bi. Khamisa alikuwa kwenye benchi, macho hayakutoka kwenye ile slaidi.

Mjerumani akatoka, mikono imelowa sabuni mpaka viwikoni. Kidawa akaiweka hadubini kwenye kizingiti cha dirisha, penye jua, akaelekeza kioo chake kwenye mwanga. "Tazama, daktari. Bado dakika ishirini na tano."

Daktari akainama, mikono ameiinua juu isiguse kitu. Akatazama kwa muda mrefu. "Hizi ni seli za mgonjwa mwenyewe," akasema. "Seli zinazokula uchafu. Zinafanana. Watu wengi wanakosea."

"Zinafanana," akasema Kidawa. "Lakini kiini cha zile ni kikubwa, kimepinda kama haragwe. Tazama kiini cha huyu wa kati. Kidogo, mviringo, na nukta katikati. Na tumboni mwake mna nini?"

Daktari akatazama tena. Povu la sabuni likawa linadondoka kwenye viatu vyake. "Chembe za damu," akasema. "Tatu." Akainama zaidi. "Nne."

Akasimama wima, akamtazama Kidawa, safari hii usoni. "Siku kumi," akasema. "Sindano za emetini za kuua amiba, alale, asiinuke, dawa hii inachosha moyo. Ukipungua uvimbe, mimi nimekosea. Usipopungua, ninapasua." Akamgeukia nesi. "Mrudishe wadini."

Siku kumi hizo Kidawa alikonda kuliko Machano. Amiba aliwaona, ndiyo, lakini je kama wamekaa juu ya saratani, wageni ndani ya nyumba ya mtu mwingine? Hilo nalo hutokea, Remedios aliwahi kumwambia. Hakumwambia Bi. Khamisa. Kila asubuhi alipita wadini kabla ya kazi, na Hamad, ambaye sasa chupa yoyote akiiona mezani huipeleka maabara mwenyewe kwa baiskeli, alikuwa anamngoja mlangoni na habari. Siku ya tatu: maumivu yamepungua. Siku ya tano: kaomba uji. Siku ya saba: kaomba samaki. Lakini uvimbe hakuna aliyejua, na Machano alikuwa amekatazwa hata kukaa. Haja zake alizifanyia kitandani, kwenye beseni, amegeuzia uso ukutani kwa haya, na kilichomo hakutaka kukitazama wala kuambiwa.

Siku ya kumi daktari akavuta pazia akaingia na bomba lake la chuma la kutazamia ndani ya utumbo. Kidawa akasimama nje ya pazia, anasikia vyuma vinagongana. Dakika tano. Dakika kumi. Kisha Mjerumani akatoka, akavua glavu moja, akavua ya pili, akazikunja polepole, na Kidawa akawa anataka kumtikisa.

"Kovu dogo tu," akasema. "Njia iko wazi. Hakuna kupasua, anaweza kuinuka." Akainamisha kichwa kidogo, mbele ya manesi wote. "Mimi nimekosea, Bibi Kidawa."

Kidawa hakukumbuka hata kushukuru. Alikimbia kwenye benchi la nje ya wadi kumwambia Bi. Khamisa, na benchi lilikuwa tupu. Akazunguka ua mzima, hayupo. Akatazama bombani, hayupo. Akamkuta mwisho wa ukumbi, nje ya choo cha wanaume, amesimama amejitanda kanga, sikio karibu ligusane na mlango, na wanaume wawili wenye vikoi wanangoja nyuma yake wasithubutu kusema neno.

"Bi. Khamisa! Unafanya nini hapa?"

"Sss! Wamempa ruhusa ya kuinuka. Kenda mwenyewe, kwa miguu yake."

Wakangoja, wanawake wawili na wanaume wawili. Ndani yakasikika maji yanamwagwa kutoka kwenye kopo. Komeo likafunguliwa. Machano akatoka ameshika ukuta, mwembamba, anafunga kikoi chake. Akamwona mama yake, akamwona Kidawa, na haya yote ikamtoka.

"Hamna damu, mama," akasema. "Nimetazama. Hamna hata tone."

Bi. Khamisa akapiga kigelegele hapo hapo mlangoni mwa choo, na wale wanaume wawili, ambao hawakuwa na habari yoyote ya jambo hili, wakampa Machano mkono.